Kansa ya mapafu nyumbani: namna ya kuendesha kikundi cha kusaidia wagonjwa Lubumbashi

Kikundi cha mtaa, kiwe cha komuni ya Katuba, Kenya au Ruashi hapa Lubumbashi, hakiwezi kumlipia mtu kemoterapi mpaka mwisho. Wengi huanza na nia hiyo. Wanachanga mara mbili, pesa yote inamezwa na kipimo kimoja cha skana, na mwezi wa tatu hakuna anayekuja mkutanoni. Kazi ambazo watu sita wenye moyo wanaziweza kweli ni mbili: kufupisha njia ya mgonjwa kutoka kikohozi hadi jibu la maabara, na kumpunguzia shida ya pumzi akiwa nyumbani. Zote mbili hazihitaji pesa nyingi. Zinahitaji utaratibu.

Watu, barua na daftari

Anzeni na watu sita hadi wanane. Mmoja wao awe muuguzi, hata aliyestaafu, kwa sababu kuna maswali ambayo mtu asiyesomea hapaswi kuyajibu. Tembeleeni wawili wawili. Mmoja anaongea na mgonjwa, mwenzake anakaa pembeni na yule anayemhudumia, mara nyingi mke au binti, ambaye mbele ya mgonjwa hatasema usiku ulikwendaje. Jozi moja isibebe zaidi ya familia nne. Ikiingia ya tano, ziara zinageuka salamu za mlangoni.

Kabla ya ziara ya kwanza, nendeni kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha eneo lenu, yule tunayemwita IT, kisha ofisi ya zone ya afya. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: majina yenu, simu moja ya kikundi, mtakachofanya, na msichofanya. Hapo pa mwisho andikeni wazi: hatutoi dawa, hatuchomi sindano, hatumwambii mtu ana ugonjwa gani. Ombeni muhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Siku mgonjwa akifariki mkiwa nyumbani kwake, mtu atauliza nani aliwatuma, na jibu ni karatasi hiyo.

Hati za ASBL, yaani shirika lisilo la faida, zinaweza kungoja. Sheria inayozihusu ni ya tarehe 20 Julai 2001, na anayetoa utu wa kisheria ni Waziri wa Sheria, yaani faili litafika Kinshasa. Lianzisheni mtakapoanza kupokea pesa za watu msiowajua.

Kila mgonjwa awe na daftari lake la shule, na likae kwake, lisikae kwenu. Juu ya jalada andikeni kwa maandishi makubwa: jina, mwaka wa kuzaliwa, dawa ambazo mwili unazikataa, simu ya daktari, na ugonjwa uko upande gani, kulia au kushoto. Hilo la upande litaonekana dogo mpaka siku ya damu. Ndani, kila ziara tarehe, na chini yake mistari mitano tu: pumzi (0 hadi 10, mgonjwa mwenyewe ndiye anataja namba), maumivu (vilevile), mara ya mwisho kwenda chooni, alichokula jana, na jambo moja la kufanya kabla ya ziara ijayo. Daktari aliyechoka husoma mistari mitano. Kurasa mbili hazisomi.

Kikohozi kinapopotea kwenye TB

Hapa ndipo miezi inapotea. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, kukonda, jasho la usiku, damu kwenye makohozi: kila mtu mjini anafikiria kifua kikuu, na wanafikiria vizuri, kwa kuwa TB ni nyingi na inapona. Kansa nayo inakuja na dalili hizohizo. Hata radio ya kifua (picha ya eksirei) inaweza kudanganya: kivuli cha kansa na kivuli cha TB vinafanana.

Kwa hiyo msimzuie mtu kupima TB. Msukumeni apime haraka, makohozi yapitishwe kwenye mashine ya GeneXpert kama ipo, na muandike jibu kwenye daftari. Anayestahili kufuatiliwa kwa karibu ni yule ambaye makohozi yake hayakuonyesha TB hata mara moja, lakini ameanzishiwa dawa kwa sababu ya radio peke yake. Akitimiza miezi miwili ya dawa na bado anakonda, anakohoa na kivuli kiko palepale, mrudisheni kwa daktari na radio zote mbili, ya zamani na mpya, na muulize: je, tunaweza kutafuta sababu nyingine? Muulize hivyo hivyo, kwa upole. Ukimwambia daktari "hii ni kansa, mmekosea", mlango unafungwa. Na mgonjwa asiache dawa za TB kwa uamuzi wake wala wenu. Kuna watu wenye magonjwa yote mawili.

Dalili nyingine za kuandika: sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu, maumivu ya bega yanayoshuka mkononi, ncha za vidole zilizovimba na kuwa duara, kikohozi cha zamani kilichobadilika tabia. Uliza pia kazi aliyofanya maishani, sio ya sasa tu. Katika mji huu mwanaume anaweza kuwa mlinzi leo, ila miaka kumi na tano alikuwa chini ya ardhi au alikuwa anaponda mawe. Vumbi la mawe lenye silika linasababisha kansa ya mapafu, na linafungua mlango wa TB vilevile. Gesi ya radoni, inayotoka kwenye miamba yenye urani, nayo inasababisha; anayetoka upande wa Likasi na Shinkolobwe aseme hivyo. Sigara bado ndiyo sababu kubwa kuliko zote, lakini swali la sigara liwe la mwisho kwenye orodha. Likiwa la kwanza, mgonjwa anasikia hukumu, na mke wake ambaye hakuvuta hata siku moja ila alipika miaka thelathini juu ya mbabula (jiko la makaa) ndani ya nyumba hatasema chochote.

Kipande cha nyama na chupa yake

Bila kipande cha nyama kutoka kwenye uvimbe, yaani biopsi, hakuna anayejua ni kansa ya aina gani, na bila aina hakuna matibabu ya maana. Ile ya seli ndogo inatibiwa tofauti na nyingine, ambazo ndizo nyingi, karibu 85 kwa mia.

Mara nyingi familia ndiyo inayobeba chupa kutoka chumba cha upasuaji hadi maabara, ndani ya teksibasi, na hapo kazi ya wiki nzima inaharibika. Angalieni mambo haya kabla ya kutoka hospitali. Maji yaliyomo yawe formalini ya asilimia 10, sio maji ya bomba, sio maji ya chumvi, sio alkoli. Nyama iliyowekwa kwenye maji ya kawaida inaoza hata kama chupa ni safi. Kipimo cha formalini ni mara kumi ya ukubwa wa nyama, ili nyama iogelee, isigande ukutani mwa chupa. Chupa iwe na mdomo mpana. Jina liandikwe kwenye mwili wa chupa, kamwe kwenye kifuniko, kwa sababu mezani pa maabara vifuniko vinabadilishana. Karatasi ya ombi isiwe kwenye mfuko mmoja na chupa: ikivuja, wino unafutika na hakuna anayejua chupa ni ya nani. Ifikishwe siku hiyohiyo au kesho yake. Zaidi ya siku tatu ndani ya formalini baadhi ya vipimo vinaanza kushindwa.

Jibu likitoka, ombeni karatasi pamoja na bloku ya parafini, yaani kipande cha nta chenye nyama yenyewe ndani. Ile bloku ni mali ya mgonjwa kwa namna moja: akienda kutibiwa mahali pengine, wataitaka, na bila hiyo watamchoma sindano ya biopsi upya.

Wanaovuka Kasumbalesa

Mionzi ikihitajika, wengi wa hapa huvuka mpaka na kuangalia Lusaka, Zambia, kwenye hospitali ya kansa iliyo jirani na Hospitali ya Chuo Kikuu. Msimsafirishe mtu kwa matumaini tu. Pigeni simu kwanza au tumeni picha za karatasi, na mpate jibu la maswali matatu: mashine inafanya kazi wiki hii? Wanampokea mgonjwa wa hali hii? Matibabu ni ya siku ngapi? Swali la tatu ndilo linaloamua bajeti yote. Mionzi ya kupunguza maumivu ya mfupa inaweza kutolewa mara moja tu, kwa dozi ya gray 8, na mtu akarudi nyumbani. Mionzi ya kujaribu kuponya inaweza kuchukua wiki sita, siku tano kila wiki. Familia inayofikiri ya pili kumbe daktari anataka ya kwanza huuza kiwanja bure.

Faili la safari: ripoti ya biopsi na bloku yake ndani ya kikopo kigumu, mbali na jua na mbali na moto wa mbabula (parafini inayeyuka), filamu za radio zikiwa bapa, hazikunjwi, skana kwenye CD ambayo mmeifungua kwenye kompyuta na kuona picha zinatoka, orodha ya dawa, pasipoti za mgonjwa na msindikizaji, kadi ya njano ya chanjo. Ripoti zetu ni za Kifaransa na kule wanasoma Kiingereza. Tafuteni mtu wa kutafsiri ukurasa mmoja wa muhtasari, na daktari auwekee sahihi.

Mpaka wa Kasumbalesa uko kilomita 90 hivi kutoka hapa, lakini foleni ya malori ya shaba haihesabiwi kwa kilomita. Mgonjwa mwenye pumzi fupi apite asubuhi, akiwa na kiti cha kukunja, maji, dozi za siku nzima mkononi na barua ya daktari inayotaja kila dawa, hasa morfini.

Pumzi

Mgonjwa wa mapafu haogopi maumivu kama anavyoogopa kukosa hewa. Na hofu yenyewe inakaza kifua, kifua kikikaza hofu inapanda. Kazi yenu ni kuukata huo mzunguko kwa mikono, na kuwafundisha watu wa nyumbani mpaka waweze saa nane za usiku bila ninyi.

Kwanza, jinsi anavyokaa. Mketisheni kwenye kiti mbele ya meza, mito miwili juu ya meza, aegemee mbele na kulaza mikono na kichwa hapo. Mabega yanashuka, kifua kinapata nafasi. Kitandani, pangeni mito kama ngazi, na mmoja chini ya magoti. Bila huo wa magoti atateleza na baada ya nusu saa atakuwa amekunjika tumboni, pumzi ikiwa mbaya kuliko mwanzo.

Pili, upepo usoni. Feni ndogo ya betri, sentimita 15 kutoka usoni, ielekezwe kwenye pua na mdomo wa juu, dakika tano. Ubaridi huo unagusa neva za uso na ubongo unapunguza hisia ya kukosa hewa, hata kama oksijeni ya damu haijabadilika. Haikupatikana, tumieni kipande cha katoni na kitambaa chenye maji baridi shavuni. Kati ya vitu vyote mtakavyonunua, feni hii ndiyo inayorudisha pesa yake haraka zaidi. Nunueni tano kabla ya kufikiria chupa ya oksijeni.

Tatu, kutoa pumzi. Watu wa nyumbani hupiga kelele "vuta, vuta!" na wanazidisha. Mgonjwa amejaa hewa ya zamani. Anachohitaji ni kuitoa. Mwambieni apulize polepole kwa midomo iliyobana, kama anayepoza chai, kwa hesabu ya nne, kisha avute kwa pua kwa hesabu ya mbili. Mmoja tu ndiye ahesabu, sauti ya chini, akiwa amekaa mbele yake, na wengine watoke chumbani. Mashangazi sita kuzunguka kitanda wanakula hewa na utulivu wote.

Nne, moshi. Mbabula hutoka nje, wala hakuna mjadala. Juni na Julai, baridi na vumbi vikishika, familia hufunga madirisha na kuingiza mbabula chumbani ili mgonjwa asisikie baridi. Makala (makaa) yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua hata wazima, na mwenye mapafu mabovu ndiye wa kwanza. Mpeni blanketi na chupa ya maji ya moto miguuni.

Oksijeni, kwa hesabu

Oksijeni inamsaidia ambaye damu yake imepungukiwa, yaani kipimo cha kidole kiko chini ya 90 kwa mia. Mwenye 95 anayehangaika atafaidika na feni zaidi. Kipimo hicho kidogo kina ujanja wake: kidole kikiwa baridi kinasoma uongo, rangi ya kucha na hina vinakichanganya, na kwa ngozi nyeusi kinaweza kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli. Pasheni mkono joto, ngojeni dakika nzima, ndipo muandike.

Chupa ya lita 10 iliyojazwa kwa presha ya bar 150 ina lita 1500 za gesi. Kwa lita 2 kwa dakika hizo ni dakika 750, saa 12 na nusu. Sindano ya geji ikionyesha bar 75, zimebaki saa 6 na robo, na huo ndio wakati wa kutafuta nyingine. Msingoje ifike 20. Mashine ya kutengeneza oksijeni haiishi, lakini inategemea umeme wa SNEL. Ile ya lita 5 inakula wati 300 hadi 350. Betri ya volti 12, Ah 100, ambayo haifai kumalizwa zaidi ya nusu, inaibeba kama saa moja na nusu tu, basi. Anayepewa mashine lazima awe na chupa ya akiba. Iwekwe sentimita 30 kutoka ukutani, kichujio kioshwe kila wiki (kwa vumbi la kiangazi, mara mbili), na itumike na kidhibiti cha umeme, maana umeme unaporudi kwa nguvu ndio unaoichoma.

Moto ukae mita tatu mbali: mbabula, mshumaa, sigara ya shemeji. Na msimpake Vaselini puani anapotumia oksijeni.

Morfini

Anayeiandika ni daktari, anayeitoa ni mfamasia, na kikundi hakiibebi. Lakini ninyi ndio mtakaokuta imeachwa kabatini kwa sababu jirani alisema ni dawa ya kuua. Elezeni hivi: kwa dozi ndogo inapunguza maumivu na pia hisia ya kukosa hewa. Asiyewahi kuitumia mara nyingi huanzishwa miligramu 2.5 hadi 5 kila saa nne, kwa saa, sio akisikia maumivu. Ikirukwa, maumivu yanarudi na nguvu na itachukua siku kuyashika tena. Choo kitafunga karibu kila mara, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Kichefuchefu na usingizi wa siku za mwanzo hupungua wenyewe.

Kosa kubwa ni la kipimo. Dawa ya maji huweza kuwa ya miligramu 1 kwa mililita au miligramu 10 kwa mililita, na chupa zinafanana. Familia iliyozoea "mililita tano" ikapewa chupa ya miligramu 10 imempa mgonjwa mara kumi. Kwenye daftari andikeni miligramu na mililita pamoja, na mtie alama ya wino mwekundu kwenye bomba la sindano pale dozi inapofika. Akiwa haamki hata akitikiswa, au anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, dozi ijayo haitolewi na daktari anapigiwa simu palepale.

Damu, na mambo yasiyongoja kesho

Michirizi ya damu kwenye makohozi: andikeni, mwambieni daktari. Ikitoka kama kikombe, mlazeni kwa upande wa ugonjwa, ule ulioandikwa jalada, ili pafu lenye afya libaki juu na lisijae damu. Kila nyumba iwe na vitambaa viwili vya rangi nyeusi au nyekundu iliyoiva. Damu juu ya shuka jeupe inaonekana mara tatu zaidi na inawatia watu wazimu.

Hospitali siku hiyohiyo kwa: miguu iliyoanza kulegea au mkojo kukatika pamoja na maumivu ya mgongo (uti wa mgongo unabanwa, na ganzi ikishakaa siku mbili, nguvu ya miguu mara nyingi hairudi), uso na shingo kuvimba huku mishipa ya kifua ikijaa, pumzi iliyokatika ghafla, kuchanganyikiwa, na joto la 38 ndani ya wiki mbili baada ya kemoterapi. Pumzi inayozidi kidogo kidogo kwa siku kadhaa inaweza kuwa maji kuzunguka pafu. Yanatolewa kwa sindano, na kwa kawaida sio zaidi ya lita moja na nusu kwa mara moja, kwa hiyo familia isikasirike daktari akisimamisha kabla hayajaisha.

"Baba hajui"

Mtasikia hili nyumba kwa nyumba, mlangoni, kwa kunong'ona: Baba hajui, msimwambie. Msiahidi kudanganya na msimwage siri. Kaeni, ulizeni habari za usiku, kisha:

"Baba, daktari alikueleza nini juu ya kifua chako?"

Akisema "ni vumbi la mgodi", muulize kama anataka kujua zaidi, au anapendelea mtoto wake mkubwa ndiye aongee na daktari. Akitaka, pangeni siku na daktari. Akikataa, ni haki yake. Mara nyingi Baba anajua, na ananyamaza ili Mama asilie.

Chumba cha maombi msigombane nacho. Ombeni mambo mawili tu: dawa zisiachwe, na mgonjwa asifungishwe chakula. Mtu anayekonda apewe kidogo mara sita kwa siku, uji wenye unga wa karanga, bukari (ugali) laini na kapenta (dagaa), anachotaka mwenyewe.

Pesa

Msitoe pesa taslimu. Lipeni famasia au maabara moja kwa moja, na risiti iandikwe jina la mgonjwa. Sahihi mbili kwa kila malipo, kiwango cha juu kwa kila familia kijulikane tangu siku ya kwanza, na kando ya kila namba iandikwe kiwango cha dola kwa franga cha siku hiyo, la sivyo hesabu za mwezi hazitaingiana kamwe. Anayepokea michango akague noti: dola iliyochanika kidogo pembeni hakuna atakayeipokea, na upungufu utakuwa wenu.

Baada ya kilio

Rudini mara moja, kama siku kumi baada ya mazishi, wageni wakishaondoka. Kaeni na aliyehudumia. Huyo hajalala miezi. Kisha, bila haraka, chukueni feni, mito na mashine ya kikundi, na mhesabu pamoja na familia morfini iliyobaki, muiandike, mwenye nyumba atie sahihi, na airudishe mwenyewe famasia mkiwa mnamsindikiza. Mirija ya pua inatupwa. Mashine inafutwa kwa maji yenye sabuni, kichujio kinaoshwa, na inawashwa nusu saa ofisini kabla ya kupelekwa nyumba nyingine. Daftari mwachieni mjane akilitaka.